Dominika na Namba Moja

Kijiwe chetu cha Kwa Sadala, wilayani Hai, ni benchi moja refu mbele ya duka la ushonaji la Dominika. Elisaria anamimina kahawa, sisi tunaongea. Siku hiyo alikuwepo Mzee Elimringi, tunayemwita Kamati kwa sababu hajawahi kukosa kamati yoyote, na Gidioni wa bodaboda, tunayemwita VAR kwa kupinga kila uamuzi. Dominika alitoka dukani na simu mkononi, uso umemkunjamana.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Vipi, cherehani imekufa?

— Makundi ya mashindano ya chesi ya mtandaoni yametoka. Nimewekwa na namba moja. Mechi ya kwanza ni naye, saa kumi hii hii. Naona nijitoe tu.

VAR akaweka kikombe chini.

— Wamekupiga! Nani kapanga?

— Mashine. Inawapanga watu wote kwa pointi, kuanzia mwenye nyingi mpaka mwenye chache, halafu inawagawa mafungu manne. Kila kundi linachukua mmoja kutoka kila fungu, ili wakali wasikutane mapema. Akaunti yangu ni mpya, nina pointi za mgeni. Niko fungu la mwisho.

— Mgeni wapi! — nikasema. — Si ulikuwa unacheza na marehemu baba yako tangu shule ya msingi?

— Ule ulikuwa ubao wa mbao. Mashine haikuuona.

Kamati akakohoa.

— Hakuna mashine inayopanga peke yake. Nyuma yake kuna kamati. Wamekaa, wamekunywa chai, wakasema huyu wa Hai tumpe yule.

— Mangi, huelewi, — VAR akamkata Kamati. — Inaangalia mtandao. Ikiona minara ya huku inayumba, inakutupa kwa mkali ili umalizwe mapema.

— Basi na simu wanaipima, — Kamati akaongeza. Kioo cha Dominika kimepasuka.

— Kioo tu? Inasikiliza! Juzi si alisema hapa hapa kwamba hawaogopi watu wa Dar? Imesikia, imenuna.

Elisaria alicheka hadi kahawa ikamwagika. Dominika hakucheka. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kujitoa.

Wakati huo akafika mama mmoja kutoka Marangu, Beatha, amefuata gauni lake. Akasalimia, akapewa nafasi kwenye benchi, akasikiliza kesi yote kwa utulivu.

— Pole, dada, — akasema. — Na huyo namba moja, yeye anajua amepangiwa nani?

— Anaona pointi za mgeni tu, — Dominika akasema. Akaondoa kidole kwenye kitufe.

— Gauni lako liko tayari, mama. Nivumilie kidogo.

Akakaa kwenye ncha ya benchi, mchezo ukaanza. Hatukujua lolote kuhusu farasi na malkia wake, kwa hiyo tulisoma uso. Mwanzoni aliuma mdomo. Baadaye akaacha. VAR alipotaka kuuliza kitu, Kamati alimfinya paja.

Ghafla Dominika akainua kichwa.

— Ameomba sare.

— Nani?

— Namba moja.

— Mpe! — VAR akaruka. — Mpe haraka kabla hajabadili mawazo!

— Nimeshakataa.

Kahawa ilitupoea mikononi. Hatimaye akashusha simu mapajani. Mchezo ulikuwa umeisha sare hata hivyo, wamebaki wafalme wawili tu.

Benchi zima likapiga makofi. Kamati akasimama kumpa mkono, na Beatha akapiga kigelegele, amesahau gauni. Dominika hakuutazama hata huo mkono.

— Nilikuwa namfunga, — alisema kwa hasira. — Yule askari wa pembeni, ningemsukuma mapema, nilikuwa namfunga.