Juditha Kuitse, Aliyeandika Yasiyosemwa

Ifikapo tarehe 31 Mei, Bi Juditha Kuitse atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika Baraza la Bahari ya Barafu, yote akiwa mwandishi wa kumbukumbu za vikao hapa Tromsø. Wenyeviti kumi na watano wamepita mbele yake, na hakuna hata mmoja ambaye Juditha hakumsahihishia tahajia.

Alitoka Upernavik, Greenland, akiwa na sanduku moja na samaki wakavu wa kumtosha mwaka. Samaki hao aliwala peke yake mwisho wa korido, kwa sababu tulilalamikia harufu. Jengo zima hakuwa na wa kuzungumza naye lugha yake. Miaka miwili ya mwanzo tulimdhania ana maringo: ukimwuliza kama atakunywa kahawa, anakutazama tu, nawe unakwenda zako. Kumbe alikuwa anainua nyusi, na kwao nyusi zikiinuka ni ndiyo. Miaka miwili hakunywa kahawa yetu. Hilo linatuuma hadi leo.

Meza yetu mnaijua. Nchi saba huamua. Jamii nne za wenyeji hukaa meza hiyo hiyo; hazipigi kura, lakini jambo haliwezi kupita kabla hazijasikilizwa. Ukutani hukaa waangalizi wa nchi za mbali, ambao barafu wanayoijua ni ya kwenye jokofu. Mwenyekiti huuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kukiwa kimya, limepita.

Mwaka wake wa nne lilikuja pendekezo la kupitisha meli za mizigo katika ghuba wanamozalia nyangumi, karibu na kwao. Mwenyekiti aliuliza, pakawa kimya, akagonga nyundo. Mzee Enok Lyberth, mjumbe wa wawindaji, alikuwa amekunja pua mara tatu, na kwao pua ikikunjwa ni hapana. Kwa upande wake, alikuwa amejibu waziwazi kuliko wote. Juditha akaandika: mjumbe wa wawindaji amekunja pua, amekataa.

Mwenyekiti akaja juu. "Mama, hapa tunaandika maneno, hatuandiki pua."

"Haya, andika wewe," akamjibu taratibu, akimsogezea kalamu. "Ila usiandike amekubali, maana hajakubali."

Kimya kingi kina mshindo. Suala lilifunguliwa upya, meli zikapitishwa mbali na ghuba, na tangu siku ile kila mjumbe huitwa kwa jina na kusubiriwa ajibu. Mzee Enok alitamba wiki nzima. "Binti yangu," alimwambia, "pua yangu imeingia kwenye historia, mimi bado niko mlangoni."

Mzee Enok ameshafariki. Mama yake Juditha naye alifariki kikao kikiendelea. Juditha akamaliza kumbukumbu za siku hiyo, nasi tukapata habari baada ya wiki mbili. Kwao amebaki dada yake Malene, mwenye miaka sabini na tisa, ambaye humpigia simu kila Jumapili.

Mwezi Machi Baraza lilimwomba abaki miaka mitatu zaidi, kwa kuwa mrithi hajapatikana. Mjumbe mpya wa wawindaji alimsihi pia: "Shangazi, ukiondoka wewe, nani atatuona?" Swali hilo lilimchoma. Aliomba wiki moja, akapungua mwili tukimwona.

Kisha alisimama kikaoni. Ni mara ya kwanza maneno yake mwenyewe kuingia katika kumbukumbu, na mimi ndiye niliyeyaandika:

"Miaka yote hii nimewaeleza ninyi watu wangu wanasema nini. Mnaweza kujifunza kutazama wenyewe. Malene yuko peke yake, na mimi niko peke yangu. Nataka kukaa na mtu ambaye sihitaji kumweleza kitu."

Juditha, asante. Kila mjumbe tulimwita kwa jina tukamwuliza anataka nini, kwa sababu yako. Wewe hatukukuuliza mpaka ulipotaka kuondoka. Nenda salama Upernavik, na siku zako na Malene ziwe nyingi.