Wa Kumbeba Jirani

Mshona nguo alikuwa amekaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi, akitazama dirishani huku masikio yakiwa kwenye yasiyomhusu. Mbele yake, seremala mwenye koti jeusi alikuwa akimsimulia muuguzi ambaye ndiyo kwanza amekutana naye. Mtaani kwao watu walimpa Mungu kisogo, nyumba ya ibada ikafungwa, na sasa jirani yake amefariki na wa kumbeba hawapatikani.

“Kwani zamani Mungu ndiye aliyekuwa anabeba majeneza?” muuguzi akauliza.

“Hapana, dada. Lakini ndiye aliyekuwa anatutoa majumbani.”

“Mimi sisali, na wagonjwa nawainua kila siku.”

“Unalipwa.”

Mshona nguo akajifanya anatafuta kitu mkobani, asije akacheka. Muuguzi akauliza wa kubeba wako wangapi.

“Mimi, shemeji wa marehemu, na mzee mmoja mwenye mgongo mbovu.”

Basi likasimama. Seremala akaaga, akashuka. Muuguzi, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, akachukua begi akamfuata.

“Sijasema nimekubaliana na wewe,” alimwambia pale chini. “Nakuja kushika upande mmoja tu.”

Seremala alimjibu kitu, lakini basi lilishaondoka, na mshona nguo akabaki amenyoosha shingo.