Mwanga Unaotokea Kisogoni

Pale kwenye kona, benchi liliegemea ukuta wa saluni ya Kinyozi, na birika la kahawa likafuka mvuke miguuni pa wenye kijiwe. Fundi wa cherehani alikuwa kavaa shati la kutokea, maana saa nne alitakiwa kliniki ya macho akapigwe mwanga wa leza macho yote mawili. Jicho la kushoto lilitolewa mtoto wa jicho mwaka juzi, sasa limerudisha ukungu; la kulia lina presha, inamla pembeni kimyakimya kama mchwa. Jana tu kashona mguu wa suruali akaufunga mdomo. Mteja kaingiza mguu, ukagota njiani. Alipita kijiweni anywe kikombe kimoja apate moyo. Wee! Moyo gani utaupata kwa watani kama Redio na Breki?

— Mwanga ukiingia lazima utoke, — akasema Redio, ambaye tangu alfajiri hajazimwa. — Utakutokea kisogoni.

— Na nywele? — Kinyozi akashtuka.

— Zitaungua. Mteja huyo muage.

— Mimi nimeendesha lori miaka thelathini, — akadakia Breki. — Kioo kikiingia ukungu unafuta kwa kitambaa. Nani kakwambia kioo kinachomwa?

— Daktari kasema unatiwa matone, unakaa, dakika chache umemaliza, — Fundi akajitetea.

— Ndivyo wasemavyo! — akasema Breki. — Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe mtoto wa jicho ulimtoa hata hujamlea, ulitegemea nini?

— Halafu leza inafuta picha zote ulizowahi kuona, — Redio akaongeza. — Ukirudi nyumbani, mkeo utamwona mgeni.

— Wanaandikisha wapi? — akauliza Kinyozi.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Fundi naye akacheka. Saa nne ikapita.

— Labda niende wiki ijayo, — akasema.

— Umenena! Mvumilivu hula mbivu, — akasema Breki. — Presha nayo itachoka.

Mara akatokea dada mkubwa wa Fundi, anahema, mguu mmoja kandambili, mwingine peku.

— Dada, kiatu kiko wapi? — akauliza Fundi.

— Kimekushikia foleni! Wamekuita mara mbili, kandambili haiitiki. Ukungu utafunguka, kasema daktari, lakini presha ilichokwisha kula hakirudi, wanalinda kilichobaki. Wewe hapa unalinda nini?

— Dada, sisi tunamshauri tu, — akasema Redio.

— Vizuri. Haya, washauri, nijibuni moja. Akipofuka, nani kati yenu atamshika mkono kila asubuhi, amtoe nyumbani mpaka hapa?

Redio akatikisa birika, lilikuwa tupu. Breki akatazama viatu vyake. Kinyozi akakumbuka wembe ndani. Fundi aliwangoja, kwa kweli aliwangoja, akigeuza kichwa kizima kutoka uso hadi uso.

Kisha akainuka, na kiwiko chake kikaangusha kikombe kilichokuwa pale pale kulia kwake.

— Twende, dada. Ila tembea kushoto kwangu. Kulia siku hizi sioni mtu.