Bano Moja la Kucheka

Wewe ukiandikiwa na watu wa kazi "Tutakujulisha)", na bano moja tu pale mwishoni, ambalo kwa Warusi ni alama ya tabasamu, utashangilia au utalia? Ndilo swali lililokuwa mezani asubuhi ile ya theluji ya matope, mjini Chelyabinsk, Urusi, kwenye benchi la mlango wa tatu wa jengo letu la ghorofa. Alikuwepo Gleb, mhandisi wa madaraja asiye na daraja, ambaye benchi lilimwita Digrii. Alikuwepo mzee Arkadi, yaani Chuma, mstaafu wa tanuri la chuma, na Bi Raisa mwenye chupa ya kahawa na mbegu zake za alizeti. Ghala la vigae lilitaka Digrii aseme kabla ya saa sita mchana kama anakuja kubeba maboksi. Ofisi ya madaraja ilikuwa imempa intavyuu ya tatu, na bano.

— Bano moja ni adabu tu, — alisema Chuma. — Wangekupenda wangeweka matatu. Hilo ni tabasamu langu nikiwa kwa mkwe.

— Usimvunje moyo! — Bi Raisa akatema ganda. — Haba na haba hujaza kibaba. Leo moja, mwakani la pili.

— Kwa mwendo huo, Bibi, nitaajiriwa nikiwa marehemu. Miaka sita ya chuo, leo naipigia alama ramli kama mganga!

— Mmarekani angekuwekea na macho, — Chuma akaendelea. — Uso wake hulala ubavu, lakini umetimia. Mjapani hucheka kwa macho, mdomo kistari tu. Sisi tumebaki na mdomo. Kwa nini? Macho hayana pazia! Wakubwa waliyang'oa tusione mabomba ya joto yanavyovuja.

— Ah, mwongo wewe! — Bi Raisa akadakia. — Macho tuliyauza nje. Ndiyo maana Wajapani wanayo mengi.

Digrii hakucheka. Alikuwa amechoka hata kukasirika kulimchosha.

Lesya, aliyehamia juzi ghorofa ya pili, akasimamisha kigari cha mtoto.

— Samahani, jamani. Kwani wamemwajiri au hawajamwajiri?

Bi Raisa akainamisha chupa. Likatoka tone moja, basi.

Digrii akaanza kuwaandikia ofisi ya madaraja. Bi Raisa akachungulia simu.

— Weka japo bano moja, mwanangu. Bila bano wataona umenuna.

— Nimenuna, Bibi.

Akamaliza kwa nukta, akatuma:

"Waheshimiwa, mmeniita mara tatu, nikaja mara tatu. Semeni kabla ya saa sita: kazi ipo au haipo."