Injini Imepooza

Chapa, basi dogo la abiria, haijatoka hata Palma mjini, Latifo akausoma tena ujumbe wa fundi Ussi kwa sauti, kama anayetangaza msiba: "Rejeta kubwa nimeshafunga, feni nimeongeza. Injini imepooza."

Mama aliyekaa ubavuni mwake, ambaye hakuna aliyemuuliza, akadakia, "Injini ya nini?" "Pikipiki yangu ya magurudumu manne, mama, ya mashindano. Ilikuwa ikichemsha kwenye mchanga, nikampa aipoze. Kaiua!" "Huyo fundi kasomea wapi?" "Hapahapa, kwa Kireno." "Basi hajaua kitu. Kataka kuandika imepoa, herufi zikamzidi."

Latifo hakukubali. Asiyejua kuandika atajuaje kufunga rejeta? "Kwani ulimpa spana au kalamu?" mama akauliza, na wakabishana hivyo hadi Quitunda.

Chapa iliposimama, Ussi alikuwa kando ya njia, juu ya pikipiki, injini ikinguruma bila hata uzi wa mvuke. Latifo alishusha pumzi, akabaki kitini akiikodolea macho kwa furaha, hata kushuka akasahau. Mama akamsukuma bega. "Shuka, mwanangu, usije ukapooza na wewe."