Mama Lusia na Zizi la Udongo

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bi. Mbuke Ndaki, ambaye hapa mgodini tunamwita Mama Lusia, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati imenipa mimi, Eustace wa stoo, kazi ya kuandika wasifu wake. Naandika nikiwa nimechanganyikiwa, kwa sababu hadi programu hii inakwenda kuchapwa, hatujui kama mstaafu mwenyewe atafika kwenye sherehe yake.

Alianza kama mpishi wa bwalo la wafanyakazi, akitokea kwake Nyahanga kwa baiskeli. Akawa msimamizi wa bwalo, kisha idara ya ustawi ikamchukua. Huko ndiko alikoanzisha Siku ya Familia. Aliona watoto wetu wanawajua baba zao kwa migongo tu, maana baba wa zamu ya usiku mchana kutwa amelala amegeukia ukuta. Akaomba siku moja kwa mwaka mtoto akae meza moja na mzazi wake, watengeneze kitu pamoja na wale pamoja.

Mwaka wa kwanza dhamira ilikuwa "Zizi Letu". Kila mtoto afinyange ng'ombe wa udongo, kama wafanyavyo watoto wa Kisukuma machungani. Udongo ukaletwa kutoka bondeni, watoto wakaanza na pembe. Baba zao nao wakaushika, wakaugeuza juani, na Mzee Bujiku wa uchenjuaji, kule mawe yanakosafishwa kupata dhahabu, akatamka kwamba rangi ile si ya bure. Kufumba na kufumbua, makarai ya kunawia mikono yalikuwa yamebebwa, na wanaume wazima wanaosha ng'ombe wa watoto wakitafuta dhahabu. Mwenzetu Mwita aliosha hadi fahali wa mwanawe. Dhahabu haikuonekana, na zizi likawa tope.

Watoto walilia. Mama Lusia hakugomba, alitoa hukumu tu: "Ng'ombe wa mtu halipwi kwa pole." Kila aliyeosha akaketi chini kufinyanga mwingine, mtoto akimsimamia na kumkosoa, mpaka jioni. Kuna waliokiri kwamba hawajawahi kukaa na watoto wao muda mrefu hivyo.

Sasa mkanganyiko wetu. Tuliamua Siku ya Familia ya mwaka huu iwe ndiyo sherehe ya kumuaga, kwa siri, ili kwa mara ya kwanza yeye akae na ahudumiwe. Tatizo ni kwamba hakuna kati yetu anayejua udongo unalowekwaje usipasuke, wala michembe ya karanga, yaani viazi vitamu vikavu, ya watoto wote hao inapikwa kwa sufuria ngapi. Kila swali tukalipeleka kwake. Ameagiza udongo, ametafuta wapishi, amepanga hata viti vya meza kuu, bila kujua kwamba kiti cha katikati ni chake. Alipouliza mgeni rasmi ni nani, Boaz wa kamati alibabaika akasema ni mkubwa mmoja kutoka mkoani. Basi Mama akatuamuru tumchinjie mkubwa huyo kuku wa kienyeji.

Wiki iliyopita akatuvuruga kabisa. Alisema siku hiyo haji. "Nikiwepo mtaniuliza hata chumvi iko wapi. Jifunzeni, mimi nitakuwa nyumbani nachambua karanga zangu." Kumwambia ukweli hatukutaka, kumwacha hatukuweza. Binti yake, Lusia, alimbembeleza akashindwa, karibu alie. Kikao kilizunguka pale pale mpaka Ritha wa bwalo akajitolea kumpigia simu saa ya chakula na kumwambia kwamba michembe yote imeungua na watoto wana njaa. Nilipinga, kisha nikaunga mkono, kisha nikapinga tena. Kura ikapita bila mimi.

Mama Lusia, shikamoo. Kama unasomewa maneno haya, basi umekuja mbio na kanga ya jikoni, na unatutazama kwa hasira ambayo ni haki yako. Hakuna kilichoungua. Watoto wanakula, na baba zao wako nao mezani. Tutakukumbuka sana, na hilo nalisema bila mzaha. Asante, wabeja sana, kwa kutuketisha na watoto wetu. Mungu akupe ustaafu wenye afya na amani.

Kuku yule ni wako. Keti.