Kosa Ambalo Bi Hatua Hakulisahihisha

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Bi Hatua anastaafu baada ya kufundisha hisabati katika shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Jina hilo alipewa na wanafunzi, na hajawahi kulikana.

Alipoanza kazi, shule ilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Hakuisubiri. Alishika chaki, akawaambia wanafunzi kwamba mashine haina akili ya kukisia, hufanya ulichoiambia tu. Basi wao wakaandika maelekezo, hatua kwa hatua, naye akayafuata neno kwa neno. Kwa ajili yao amewahi kunawa mikono bila kufungua bomba, na kufuta ubao akiwa ameupa mgongo. Wakimaliza kucheka, walirudi kutafuta hatua waliyoisahau. Baada ya hapo hesabu ndefu hazikuwatisha tena. Walizikata vipande, wakavimaliza kimoja kimoja.

Sisi walimu wengine tulinong'ona kwamba mama huyu anacheza tu. Jumanne, 14 Machi 1995, akaja mkaguzi kuamua kama michezo hiyo ifutwe. Bi Hatua akamkabidhi maelekezo ya kutoka dawati la nyuma hadi mlangoni: hatua kumi mbele, geuka kulia, hatua tatu. Aliyeyaandika alikuwa binti mfupi kuliko wote darasani, na mkaguzi ni twiga. Hatua ya saba pua yake ikagusa ubao, na tatu bado zimebaki. Binti akasimama, akafuta ile kumi, akaandika: endelea mpaka uufikie ubao. Na ile tatu: endelea mpaka uufikie mlango. Mkaguzi akaanza upya, akafika. Aliondoka na chaki puani, na somo likabaki kwenye ratiba.

Katika miaka yote hiyo Bi Hatua hajaacha kosa lipite. Hata matangazo yangu ya ofisini hurudi na wino mwekundu.

Ndiyo maana wiki iliyopita tulishangaa. Kidato cha pili walimwandikia maelekezo ya kustaafu. Moja, funga daftari. Mbili, tembea mpaka ulifikie geti. Tatu, kama bado unatupenda, rudi hatua ya kwanza. Aliyasoma mara mbili, kalamu nyekundu mkononi. Kwa maelekezo hayo hatafika nyumbani kamwe, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye. Akaifunika kalamu, akakunja karatasi, akaitia mkobani.

Asante, dada yetu. Uwe na maisha mema huko uendako, na kila ukirudi hatua ya kwanza, geti utalikuta wazi.